Karata Aliyonipa Noela

Mkolani, Mwanza
Jumatatu, 17 Novemba

Dada yangu Leonsia,

Shikamoo sana. Mwili wangu haujambo, ila goti la kushoto linalonitangazia mvua kabla haijafika. Mgongo wako je? Na senene, nasikia mwaka huu wameanguka hadi uani kwa padri. Usinisahau hata kikopo kimoja. Wifi yako Evelina anakusalimu. Huyu Msukuma wangu bado anasema Mhaya hawezi kuvuka barabara bila kutangaza. Mwache aseme.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Dada, unanijua, mimi kwenye simu naongea sana. Nikishika simu, yule kiboko niliyemfukuza Kamanga kwa kasia moja anakuwa viboko wawili. Kwenye karatasi mkono unachoka, na mtu akichoka husema kweli. Halafu humu ndani nimefunga kitu ambacho simu haiwezi kukibeba.

Wiki tatu zilizopita nilikwambia Noela amehama kwangu kwa utovu wa adabu. Ukasema mwanao asikanyage nyumbani Krismasi mpaka aniombe radhi. Nataka nikueleze ilivyokuwa.

Noela alipoanza kufundisha kwa kujitolea shule ya hapa, alikuja na boksi la karata. Si hizi zetu za kijiweni. Hizi unacheza pamoja na wenzako: kijiji kina nyumba tano zinazowaka, mnazizima pamoja, mnashinda wote au mnaungua wote. Kila nyumba inataka karata tatu za rangi yake, na huruhusiwi kusema una nini mkononi. Kila mchezaji ana mtu wake. Mimi nilimchukua Mtemi bila kuuliza, kwa sababu Mtemi anaweka karata mbili kwa zamu moja, na kwa sababu ya sura. Jirani yetu Shigela akawa Mwindaji, anayechungulia karata za moto zinazokuja. Evelina akawa Mganga, anayeinua nyumba iliyoungua, mara moja tu. Akabaki Mchota Maji. Huyo hazimi nyumba hata moja. Kazi yake ni kuwagawia wenzake karata, kila mmoja moja, kifudifudi, basi. Shigela akasema kazi hiyo hata mbuzi anaiweza. Mimi nikasema mbuzi angekataa.

Noela akamchukua huyo huyo.

Siku za mwanzo tuliungua kila jioni. Mwanao hakulalamika, alitutazama tu macho: nani anaangalia nyumba ipi, nani anapumua kwa nguvu akiokota karata. Kisha akaomba abadilishe kiti, akae kabla yangu. Dada, hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kila nilichokosa kilinifikia kabla ya zamu yangu. Na alitoa hata zile nzuri, ambazo mimi ningezikumbatia. Sheria inasema anayemaliza zote mkononi anaokota nne mpya. Sisi wabahili tuliokota moja moja. Yeye aligawa mpaka akabaki mikono mitupu, akaokota nne, akagawa tena. Kijiji kizima kilikunywa kwenye ndoo yake. Tulishinda mara kumi na moja mfululizo. Mtaani nilisema ishirini, na nilisema ni akili ya Mtemi.

Mwezi uliopita kukawa na shindano Bujora, shule mbalimbali na majirani zao. Zawadi ilikuwa maboksi thelathini ya mchezo na vitabu kwa shule itakayoshinda, na Noela alishawaahidi watoto wa darasa lake. Mwalimu mkuu wake, Mwalimu Mhoja, alikuja kwa pikipiki kutushangilia. Nilivaa koti langu la harusi. Mwishoni zikabaki meza mbili, itakayookoa kijiji kwanza ndiyo ishinde.

Tulibakiza nyumba moja, nayo ilitaka bluu moja. Noela akanisogezea karata kifudifudi. Nikaichungulia: bluu. Zamu ikawa yangu.

Ningeiweka pale pale, tungemaliza. Lakini meza ya pili walikuwa wamezima nyumba yao ya nne, ukumbi mzima ukageukia kule kupiga vigelegele. Hakuna jicho hata moja lililokuwa kwangu. Nikatupa ya njano isiyo na kazi, ile bluu nikaibana chini ya paja. Niliwaza kwamba zamu ijayo watakuwa wamegeuka, nami nitaipiga mezani kama turufu, ukumbi usimame.

Zamu ijayo haikuja. Evelina aligeuza karata ya moto, nyumba ikaungua, na nguvu ya Mganga wake ilishatumika. Meza ya pili wakashinda.

Msimamizi akahesabu karata, bluu moja haipo. Noela akasema alinipa mimi. Wakati wanachungulia chini ya meza, karata ilishaingia mfukoni mwa koti. Nikafungua viganja vyote viwili mbele ya watu, nikasema huyu binti hakunipa bluu yoyote, Mchota Maji wetu ndoo yake imetoboka. Ukumbi ukacheka. Mwalimu Mhoja hakucheka.

Nyumbani Noela aliniambia kwa sauti ya chini tu kwamba, mjomba, nilikupa. Nikafoka, eti mtoto wa dada yangu ananiita mwongo ndani ya nyumba yangu. Asubuhi alichukua begi na boksi lake, akavuka kwenda Kamanga kwa mwalimu mwenzake, Modesta. Mimi nilikupigia simu wewe kabla hajafika ng'ambo. Na shuleni, dada, watoto wanamwita Ndoo Mbovu tangu siku ile.

Jana Evelina alilipiga koti pasi kwa ajili ya misa. Nilipokaa kunywa chai, karata ilikuwa kando ya kikombe, kifudifudi. Sikuhitaji kuigeuza.

Nilitaka kukuandikia kwamba niliisahau. Sentensi hiyo niliiandika, nikaichana karatasi. Sikuisahau. Kila Jumapili nikiingiza mkono kutoa sadaka niliigusa.

Baada ya misa nilivuka Kamanga. Modesta akaniambia Noela hayupo, na viatu vyake nikaviona mlangoni. Leo asubuhi nimemweleza Mwalimu Mhoja mbele ya walimu wote, na mbele ya darasa la Noela pia, ila yeye leo hakuja. Hakuna aliyeniambia niketi. Nimemweleza na Shigela. Amenitazama, akasema hata mbuzi angeiweka mezani.

Dada, mpigie mwanao aje Krismasi. Mwenye kuomba radhi ni mimi, nitaomba mlangoni kwa Modesta kila Jumapili hata kama ni viatu tu vitakavyonisikia. Karata hii niliyofunga humu, mpe akifika. Mpe kifudifudi, kama alivyonipa, usimweleze neno. Rangi ataijua.

Wasalimie wote Kamachumu, na kaburi la baba ulipalilie kwa niaba yangu. Anayekuletea barua ni Josephat wa basi. Mpe kahawa ya kutafuna.

Mdogo wako mwenye aibu,
Florian Kahigwa

Na yule kiboko, dada, alikuwa anaondoka mwenyewe.