Mabua ya Kuazima

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Habari njema! Mzee Nicodème, mwenyekiti wa kikundi chetu, amepigiwa simu. Alhamisi afisa wa mradi wa serikali anakuja kukagua mashamba yaliyouawa na jua. Atakayeandikwa atapewa mbegu za mahindi ya kuvumilia ukame, na maharagwe. Mbegu zangu tulizila Juni. Nisipoandikwa, mimi na binti yangu Doriane tutasubiri kupanda hadi Machi — na mgao wa chakula wa sisi wakimbizi umepunguzwa tena.

Kikao cha haraka. Jirani yangu Vestine, Mrundi, alisimama: "Mgeni wa serikali akute uchafu huu mu mashamba? Aibu!" Wote tukakubali. Kwetu mgeni hapokelewi kabla ya kufagia. Mimi ndiye katibu, kwa sababu nilimaliza sekondari Uvira. Nimeandika ratiba: mashamba kumi na manne, siku mbili, nani ang'oe mabua wapi.

Jumatano, 20 Agosti

Kazi imekwisha. Mahindi makavu yote yameng'olewa. Mengine yameliwa na mbuzi wa Vestine, mengine tumechoma, na mengine Mzee Nicodème amezungushia bafu lake. Ardhi imefagiliwa — kwa ufagio kweli!

Thaddée peke yake hakugusa shamba lake. Anasema mgongo unamuuma. Mgongo huo haujawahi kumuuma penye pombe. Nimemwandika kwenye daftari: "Ameharibu sura ya kikundi."

Alhamisi, 21 Agosti

Afisa alifika saa nne kwa pikipiki. Mtu mpole, wa Mbarara. Alitembea akitikisa kichwa.

"Nyinyi watu mnafanya kazi! Shamba safi kabisa. Sasa ukame iko wapi?"

Mzee Nicodème alinyoosha mkono kumwonyesha ulipokuwa.

"Mzee, mimi siwezi piga picha ya udongo. Fomu inataka mahindi imekufa."

Akatusifu. Eti tumejiandaa vizuri, msaada wapewe wenye shida. Tukapiga makofi. Kwa mazoea! Hata mimi.

Kisha akaliona shamba la Thaddée. Picha sita. Katika moja Thaddée mwenyewe amesimama, ameshika mgongo.

Ijumaa, 22 Agosti

Orodha ya kikundi chetu imebandikwa. Jina moja.

Jumatatu, 25 Agosti

Mbarara. Nimefika ofisi ya mradi kule Ruti na barua ya kurasa mbili, pamoja na ratiba yetu ya usafi kama ushahidi. Dada wa mapokezi amesoma barua mara moja, ratiba mara mbili.

"Mama, kwa hiyo mliyatoa wenyewe?"

Ndiyo.

"Na wewe ndiye uliandika nani atoe wapi?"

Ndiyo.

Amesifu mwandiko wangu. Halafu, Mungu ambariki, amempigia afisa. Atapita tena Alhamisi asubuhi akienda Kikagate. Ijumaa orodha inafungwa. Lakini lazima aone mahindi yaliyokufa, yamesimama, katika shamba la mwenyewe.

Jumanne, 26 Agosti

Mzee Nicodème amebomoa bafu. Mkewe Adélaïde ameoga nyuma ya kanga iliyoshikwa na majirani wawili, na hasemi naye.

Bafu halikutosha. Tukaenda kwa Thaddée, ujumbe wa watu watatu. Alikalia kiti, sisi tukasimama.

"Mama Doriane, kwanza unisomee ile uliandika juu yangu mu kaye yako."

Nikafungua daftari, nikasoma. Nikafuta mbele yake. Basi, ametuazima nusu ya mabua yake. Ameyaita "mahindi yangu", kwa sauti ya mtu mwenye ghala.

Mchana kutwa tumepanda maiti. Mistari mitano kila shamba, upande wa barabara. Nilipima sentimita sabini na tano kati ya mistari, kamba mkononi. Vestine alicheka hadi akaketi.

"Weee, Mama Doriane! Hata yenye ilishakufa unaipimia mustari?"

Jumatano, 27 Agosti

Mawingu, upande wa Kaberebere.

Tangu Mei Vestine anasali rozari ya mvua kila jioni. Leo nimemwomba apumzike hadi Ijumaa.

"Nimwambie Mungu nini? Katibu anaomba asogeze tarehe?"

Nimesema ndiyo, kwa heshima zote.

Amesali hivyo hivyo.

Alhamisi, 28 Agosti

Saa moja asubuhi — matone. Saa mbili — mvua yenyewe. Miezi mitatu tumeingoja! Vestine anaimba uani, mikono juu. Wengine wako mashambani, kila mtu amekumbatia mabua yasianguke. Hayana mizizi. Yangu yamelala mstari kwa mstari, kwa vipimo kamili.

Nimechimba kwa kidole. Udongo umelowa kina cha kiganja. Siku ya kupanda hasa, na sina hata punje. Thaddée amepita na jembe begani, amenyooka kama askari. Ameuliza mbegu zake zinafika lini.

Naandika chini ya turubai. Pikipiki — naisikia inateleza kwenye matope. Imezimika. Afisa yuko barabarani, amelowa chapachapa, anacheka na kutupungia.

"Mama, hongera! Mvua imekuja!"

Anatoa simu, anafuta kioo kwa shati. Vestine ameacha kuimba. Lazima niende. Nina bua moja mkononi, na sijui nilisimamishe au nilifiche.