Vidonge viwili nilivyompa Mama

Jumanne, saa kumi na moja jioni. Mvua imekatika, mtaa wetu wa Mulongwe wote ni matope, na mgongo unaniuma vibaya. Nimeketi kitandani, mto nyuma ya kiuno. Naandika kwa sababu nina aibu.

Hapa kwetu mtu akisema anaumwa, jirani anafungua mkoba na kumpa dawa iliyomsaidia yeye. Tunaona ni upendo. Mimi tramadol, dawa kali ya maumivu, niliandikiwa na daktari kwa siku tano tu, nilipoumia mgongo nikibeba magunia ya unga kuyaokoa na mafuriko. Sasa huu ni mwezi wa saba naimeza. Kwenye famasi ya jirani hawaniulizi tena karatasi ya daktari, na kidonge kimoja kiliacha kunitosha zamani.

Jana baada ya chakula cha mchana, mama mkwe wangu alilalamikia magoti. Nampenda mno yule mama. Ndiye anayenichua mgongo kwa mawese ya moto. Basi nikampa viwili. Sikumuuliza kama alikuwa amekunywa sirapu yake ya kikohozi, ile inayomletea usingizi.

Alikuwa amekunywa.

Saa tisa alasiri nilimtikisa, hakuamka. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, na pumzi inakuja, inakawia, inakuja. Tulimpakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia, hadi kituo cha afya. Majirani waliotufuata walisema ni joto la mchana. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani liwe joto.

Muuguzi alinitazama usoni. "Mama, alikunywa nini? Uniambie kweli, sitakugombeza."

"Ni miye nilimupa dawa yangu, tramadol mbili, juu ya sirapu yake ya kikohozi."

Hapo ndipo walipojua la kufanya. Wakamwekea oksijeni, wakamdunga sindano, wakakaa naye. Jua lilipokaribia kuzama alifungua macho, akaomba chai. Nililia mbele ya watu wote.

Kisha muuguzi akanigeukia. "Na weye, unakunywaka ngapi?"

Nikamtajia idadi ya kweli. Sikuwahi kuitamka kwa sauti. Hakunifokea. Alisema nisiache ghafla, mwili utanitesa. Daktari atanipunguzia kidogo kidogo, na maumivu yangu yatatafutiwa njia nyingine, kuanzia mazoezi ya mgongo. Nisichanganye na pombe wala dawa za usingizi. Na nisimgawie mtu, hata nimpende namna gani. Keshokutwa nina miadi, naiogopa, lakini nitakwenda.

Leo Mama yuko nyumbani. Mume wangu anarudi kesho kutoka Kamanyola, na mchana Mama alinishika mkono akaninong'oneza: "Bwana yako asijue. Tutasema joto ndiyo ilinishika."

Anataka kunilinda, mimi niliyekaribia kumuua.

Nilimbusu kiganja, nikamwambia hapana. Kesho mimi mwenyewe nitamweleza mume wangu, yote, na idadi yangu pia, huku mama yake ameketi kando yangu, anapumua.