Sheikh na Ng'ombe wa Msiba

Mjukuu wangu Rehema,

Huyo sheikh wetu wa redioni nilimfundisha dini mimi. Haya, naongopa: tulichunga mbuzi pamoja tu. Shikamoo yako imefika, bibi yako mzima.

Unauliza kama ni haramu kwenda kuweka msalaba kwenye kaburi la mjomba wako Yohana, maana wenzako chuoni wanakukataza. Hata sheikh alipotoka masomoni alitukataza misiba ya Wakristo. Akafa jirani yake, mzee Daudi. Hapa Ulemo ng'ombe wa msiba huchinjwa na Mwislamu ili wote tule, na siku hiyo hakuna aliyethubutu. Nikamgongea.

"Sheikh, wafiwa wana njaa, ng'ombe anakungoja."

"Toka hapa, mpuuzi wewe!"

"Daudi alimchimbia baba yako kaburi."

Akazunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kisha akatoka na kisu, akachinja, akaenda kushika jembe makaburini. Leo anahimiza watu wazikane, na wapo wanaomtukana.

Nami sijatulia tangu nisome barua yako. Ulipovunja chungu cha bibi yako, nilimsingizia mbuzi. Fadhila hiyo nakudai: njoo unishike mkono hadi kwa Yohana, magoti yamenigomea.

Babu yako