Jambo la Zamani Linamlinda Nani

Butiama,
20 Mei 1989

Mdogo wangu mpendwa Isidori,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko seminari, unakula na kulala vizuri, na kwamba kile kikohozi cha Kwaresima kimekuachia. Mimi sijambo, ila magoti yananikumbusha kuwa nimefundisha darasa la pili miaka mingi nikiwa nimesimama. Mvua imetutendea haki, mihogo imeshika. Sukari nayo ipo madukani siku hizi, tena ya kuchagua; kilichoadimika ni cha kuinunulia.

Kitabu chako nimekimaliza. Ulisema unataka maoni ya mtu asiye mwanafalsafa kabla hujaandika insha yako, basi umempata. Nimekisoma na kamusi mapajani, na kurasa za katikati nimezirudia mpaka shemeji Nathanieli akaniuliza kama nasomea upadre. Nimemshangaa huyu profesa wako wa Ulaya. Kumbe bado yu hai, na anaandika kama mzee wa ukoo. Anasema mtu hujifunza kupiga magoti kwanza, sababu zake humjia baadaye, na kwamba wema ni mazoea ya mikono kabla haujawa mawazo ya kichwa. Hapo nilicheka, maana ndivyo mama alivyotufundisha sala, kwa kofi.

Lililonikamata zaidi ni pale anaposema jambo la zamani lisihukumiwe kwa umri wake. Liulizwe kwanza linamlinda nani. Nilifunga kitabu nikatoka nje kuangalia kuku. Swali hilo limenikuta nikiwa na shida.

Unajua Mwikwabe wangu alifariki bila kuniachia mtoto. Nathanieli, mdogo wake, ana duka mjini, pale Kitaji, na kwa kuwa sasa kila kitu ni ruksa, anataka uwanja wetu huu aweke mashine ya kusaga. Alikuja na wenzake wa ukoo wakaniambia, kwa upole kabisa, kwamba nyumba isiyo na mtoto hurudi kwa ukoo, na mimi nitafute chumba karibu na shule. Aliyewapinga ni shangazi yao, Bibi Wegesa. Alisema zamani mjane kama mimi alikuwaga anatoa ng'ombe wa marehemu, anaoa binti, na watoto wa huyo binti wanakuwa wa nyumba ile, na hakuna aliyekuwaga anamfukuza mtu kwake. Nathanieli akajibu kwamba hiyo nyumba ntobhu ni mambo ya kizamani, dunia imekwenda mbele.

Nikaenda kwa padre wetu. Huyu kila Jumapili hutulalamikia kuwa dunia imekwenda mbele mno, mara video, mara mitumba, lakini kwangu alitoa neno lile lile la Nathanieli: ya kizamani. Nikamsomea profesa wako. Akakipenda kitabu, akakiazima wiki nzima, na alipokirudisha akanionyesha mahali profesa anaposema ndoa ni ya mume na mke, basi. Ni kweli, ameandika. Ukurasa mmoja ananiruhusu, mwingine ananikataza, na sijui kama mwenyewe ameliona hilo. Ningependa kumuuliza: mambo ya zamani yakiwa mawili, na yote yamekulea, unashika lipi? Nadhani kwao kanisa na ukoo vilikaa nyumba moja muda mrefu. Kwetu vilifika kwa njia mbili.

Sasa nikuambie hilo ninalolizunguka tangu mwanzo. Nimeoa. Mwezi jana ng'ombe wa Mwikwabe walikwenda Bunda kwa kina Gati, na Gati akaingia hapa na mtoto mgongoni. Kwao walimchoka tangu alipozalia nyumbani. Usidhani nimemnunua. Kabla hajakubali alinihoji kuliko nilivyomhoji mimi: kama nina hasira, kama mwanamume wa kuzaa naye atachaguliwa au atamchagua mwenyewe, kama binti yake atasoma. Nilimjibu yote, na jibu la kuchagua nilimwachia yeye.

Nathanieli hajakanyaga tena hapa. Padre amesema nisisogelee komunyo mpaka Gati aondoke. Nimemjibu kwamba Gati ana chumba chake, na mtoto ameshazoea kuku wangu. Kwa hiyo tunakaa benchi la nyuma. Wengine wakienda mbele sisi tunabaki, na inaniuma, Isidori, inaniuma kuliko nilivyotarajia. Bado napiga magoti. Sababu nazisubiri.

Mwakani utapadrishwa, na uliahidi kwamba baada ya misa ya nyumbani Kiriba utakuja kusoma nyingine hapa kwangu. Siku hiyo nitatoka benchi la nyuma nije mbele yako. Usinijibu sasa, wala usinijibu kwa kitabu. Nataka tu ujue mapema kwamba nitakuja, ili mkono wako upate muda wa kufikiri.

Insha yako iandike vizuri. Kitabu nitampa jirani yetu Alfonsi akuletee akija huko. Bibi Wegesa anakusalimu sana, na Gati pia. Anauliza akuite shemeji au akuite padre. Nimemwambia tusubiri tuone.

Dada yako akupendaye,
Marcelina