Boriti za Mnara wa Njiwa

Mjukuu wangu Salma,

Pokea salamu za bibi yako kutoka Guangzhou. Mimi na mjomba wako tu wazima, na mzigo wa midoli umeshafika bandarini Huangpu. Huku kila ukigeuka, ghorofa jipya limeota, na laoban wangu, tajiri wa duka ninakonunua, ananionyesha kwa maringo. Nikamwambia na sisi tuna mnara.

Umeniuliza kwenu hasa wapi, maana wenzako shuleni wanasema Uhindini. Mji wa wazee wetu kule ng'ambo nilipelekwa nikiwa msichana. Una lango la mawe, mashamba ya pamba, na mnara wa kulishia njiwa. Mkulima hauzi mtama wake kabla hajawamwagia njiwa konzi moja.

Shangazi yake baba akanipandisha mnarani. "Tazama mbao hizi! Mchwa hawaziwezi."

Nikatazama. Boriti za mikoko, kama za dari ya jikoni kwetu. "Hizi za kwetu Unguja!"

"Ndiyo. Babu yako alizituma. Ulidhani umekuja kuonyeshwa vya wageni?"

Basi wenzako wakikuuliza tena, waalike jikoni kwangu, walale chali watazame juu. Kule Uhindini wanaringia dari yetu.

Bibi yako,
Zubeda