Dirisha Pana la Kharumwa

Mama Neema wangu,

Pokea salamu zenye vumbi la Kharumwa. Ile nyumba ya mfano niliyoichora imesimama, na ofisi imeniagiza niishi humo juma zima ili wanakijiji waone faida ya dirisha pana. Wameiona! Dirisha linatazama njia ya kisimani, na huku mtu akikukuta unakula, sharti umkaribishe. Nikimega tonge tu, kichwa kinatokea na salamu ya Kisukuma: "Mwadila, fundi!" Nami, mdomo umejaa: "Karibu tule." Anaingia kweli. Jana bakuli moja la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tulilila watu tisa. Mama mmoja akalamba kidole, akatangaza: "Nyumba tumeikubali. Ila kila moja ije na fundi wake."

Leo njaa imenishinda. Nimeung'oa mlango nikaupigilia dirishani. Sasa wanaingia bila hata kupiga hodi.

Ulipoiona ramani pale mezani uliniuliza, "Watu watakula wapi humu?" Nikakucheka. Jumamosi nipikie wali, mke wangu, na kabla hujapakua, funga madirisha yote.

Akupendaye kwa njaa,
Baba Neema