Tani Moja kwa Kila Mita

Jumatatu, 4 Machi 2019
Hatimaye! Ghorofa ya juu imepata mpangaji. Ilikaa tupu tangu kabla ya Mwaka Mpya wa kalenda ya kale, na kijiji chenye jengo kinadai kodi yake bila huruma. Nimelikodi lote, kama lile la ng'ambo ya mfereji, nalikatakata, napangisha vipande. Kipande kikikaa tupu, shauri yangu.

Mpangaji ni Bi Qiu Huilan, anauzia vigae maduka ya Guangzhou. Kaniuliza sakafu inabeba kiasi gani. "Tani moja kwa kila mita." Bila hata kukohoa! Karani wa kijiji aliyenipangishia aliniambia nusu ya hapo. Na yeye sijui aliambiwa nini. Biashara yetu hii, kila anayepokea jengo anaongeza kidogo. Jengo lenyewe lilijengewa washona viatu.

Leo nitalala kama mtoto.

Jumatano, 6 Machi
Kalenda ya kale inasema siku njema ya kuhamia. Bi Qiu kawasha udi mlangoni, kamwekea mungu wa ardhi nguruwe mzima wa kuchoma. Fataki zimepigwa marufuku, basi wakapasua maputo. Nguruwe kagawiwa hadi kwa wapangaji wa chini. Nimekula ngozi — kavu, inalia kama biskuti. Foklifti, kigari cha kunyanyulia mizigo, inapandisha vigae tangu asubuhi. Sikupanda kuangalia.

Jumatatu, 11 Machi
Unyevu umeingia. Kuta zinatoka jasho, ngazi zinateleza. Mzee Mo kanipigia simu. Yeye yuko chini, anaunda taa yeye na mkewe na mafundi wao. "Bosi Ou, njoo uone dari. Imeota mstari."

Ni ufa. Kutoka nguzo hadi nguzo.

Nikamwambia ni huu unyevu, kila mwaka ndivyo. Nikapanda mwenyewe, nikaziba kwa lipu, nikapaka rangi. Mo kanishikia ngazi. Kanishukuru! Eti wenye majengo wengine wangetuma mtu. Chai yake sikuimaliza.

Jumatano, 13 Machi
Ufa umerudi. Pale pale. Na mlango wa choo cha chini haufungi tena. Mke wa Mo anasukuma kwa nyonga, anacheka: "Sisi tumekula Mwaka Mpya, mlango ndio umenenepa!" Nikacheka naye. Nilicheka — mtu mzima mimi.

Ijumaa, 15 Machi
Bi Qiu kapiga simu, furaha tele. Kesho anashusha malori mawili mengine. Vigae vikubwa, vya kumbi za hoteli. Nikamwambia hongera. Hongera!

Sahani nimeirudisha jikoni imejaa. Mke wangu anauliza kama nimegombana na kijiji. Hapana. Naona tu visogo vya mafundi wa Mo, wameinamia meza, chini ya ule ufa. Mmoja ana mimba.

Jumamosi, 16 Machi
Nimesema.

Nilitangulia malori. Nikaingia kwa Mo: "Toeni watu! Sasa hivi, acheni kila kitu." Wakadhani moto. Nikapanda, nikawashusha wa juu; foklifti yao wakaiacha huko huko. Bi Qiu akafika na malori nyuma yake. Nikasimama uani mbele yao wote: ile tani moja niliitunga. Ufa si unyevu. Nilijua nikiwa juu ya ngazi.

Bi Qiu akanisogelea: "Wewe Ou! Umekula nguruwe wangu huku unanichimbia kaburi?"

"Lako wapi, dada?" Mo akasema. "Wewe uko juu. Kaburi ni langu." Fundi mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Mo akanigeukia. "Nami nikakushikia ngazi." Basi. Heri angenitukana.

Mhandisi niliyempigia simu kaja, kagonga dari, katusogeza sote mbali zaidi. Kasema mzigo wa yale malori ungepanda, tungekuwa tunaongea mengine. Sasa mafundi wake wanasimika nguzo za chuma. Vigae vitashushwa kidogo kidogo, kuanzia katikati.

Watu wote wako nje! Wazima, wanalalamika, wanaazimana kiberiti. Sijui lini nimefurahi hivi kusikia watu wakinisema. Mke wa Mo kanisukumia boksi la wali bila kunitazama. Nimemaliza mpaka punje ya mwisho. Kifua kimefunguka.

Hapo Bi Qiu akanifuata, vumbi hadi kwenye nyusi. "Na lile jengo lako ng'ambo ya mfereji? Lenye mashine za plastiki juu, na washona magodoro chini? Huko nako ulisema tani moja?"

Nikachukua funguo za gari.

Naandika haya mbele ya lango la jengo hilo. Mashine zinanguruma huko juu. Mlinzi kachungulia dirishani: "Bosi, Jumamosi leo, kuna nini?" Nimemwambia afungue pande zote mbili za lango — watatoka wengi kwa mpigo.